Mikeka Mipya ya Chumba cha Chini

Rahisi huvunja upishi, na hilo Chizuru hakuhitaji kufundishwa na mtu. Miaka ishirini na miwili amepika chakula cha shule, na samaki wa bei ya chini anamjua kabla hata kasha halijafunguliwa. Kwa hiyo dalali alipomsogezea karatasi ya nyumba ya Kurumigase, dakika hamsini na tano kwa treni kutoka katikati ya Tokyo, vyumba vinne na kabustani, yeni milioni tisa na laki nane, hakufurahi. Alikunja uso.

"Ina nini?" akauliza.

"Samahani, mama?" Dalali aliitwa Bwana Sakuma, kijana wa shati jeupe na jasho jingi, hata Februari.

"Nyumba, ndugu yangu. Ina nini? Majirani zake wote ni milioni ishirini kwenda juu. Hii ina nini?"

"Haina kitu. Mwenyewe anataka tu iende upesi."

"Kizuri chajiuza," Chizuru akasema, na nusu ya pili ya methali akamwachia aimalizie moyoni.

Mumewe Yasuki alimkanyaga kidogo chini ya meza. Yasuki ni dereva wa basi la jiji, mtu mpole ambaye ugomvi wote anaoutaka anaupata kwa abiria.

Tangu Oktoba, kila Jumapili, wawili hawa walikuwa wakipanda treni na kutoka nje ya jiji, kituo baada ya kituo, bei zikishuka na ahadi za madalali zikipanda. Waliona nyumba ambayo mto ulipita juu kuliko paa lake. Waliona nyingine nzuri ya kutamanisha, kumbe njia ya kuingilia ni mali ya jirani, na jirani mwenyewe uso wake kama siki. Waliona iliyopakwa rangi mpya nje nzima isipokuwa nyuma, na huko nyuma ukuta umepasuka kutoka msingi hadi dirishani. Kila kasoro aliigundua Chizuru.

"Wewe hata peponi utauliza mpangaji aliyetangulia alihama kwa nini," Yasuki alimtania siku moja kwenye treni.

"Nitauliza, ndiyo. Na wewe utanishukuru."

Sababu ya mbio zote hizi ilikuwa mtu mmoja: baba yake Chizuru, Mzee Tokuji, mwenye umri wa miaka themanini na mitatu, fundi wa tatami, ile mikeka minene ya kutandika sakafu nzima, maisha yake yote. Kiharusi kilimchukua mguu na mkono wa kushoto. Alikuwa katika kituo cha mazoezi ambako mtu hukaa kwa muda tu, na muda wake ulikuwa unaisha mwisho wa Machi. Wao wenyewe walikaa ghorofa ya nne, jengo halina lifti. Isipopatikana nyumba ya chini, nafasi pekee iliyokuwa wazi ni ya makao ya wazee kule Akita, saa nne kwa treni ya kasi, mahali ambapo hamjui mtu na hakuna wa kumwita kwa jina lake la utotoni. Mzee hakulalamika. Alisema tu, "Huko theluji ni nyingi, mwanangu."

Mtu atauliza, si wangepanga? Walijaribu! Wenye nyumba hawataki wazee, wanaogopa mzee atawafia ndani, na nyumba alimofia mtu kupata mpangaji ni shughuli. Madalali watatu walifunga faili papo hapo waliposikia "miaka themanini na mitatu," wakainama kwa heshima zote, wakawasindikiza hadi mlangoni. Kwa dalali wa nne Chizuru akawa ameshajifunza. Alipoulizwa mko wangapi, alijibu, "Tuko wawili tu." Ulimi ukaizoea ile kauli.

Jumapili hiyo Bwana Sakuma aliwangojea Kurumigase, mbele ya nyumba. Kabla hajatia ufunguo aligeuka, akauliza kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Na wazee, mnao nyumbani?"

Yasuki alifungua mdomo. Chizuru akamfinya mkono juu ya kiwiko, pale panapouma.

"Tuko wawili tu," akasema.

Sakuma akashusha pumzi. Chizuru aliiona ile pumzi na akaisoma palepale: amepata nafuu. Aha! Hata kwenye kununua wanabagua. Mdomo wangu na uwe kaburi, akajiambia.

Ndani palikuwa na baridi na usafi. Usafi wa kutia shaka, kwa maoni yake. Ukumbini kulikuwa na mbao za kushikia ukutani, pande zote mbili, zimelainishwa na mkono wa mtu kwa miaka mingi. Bafuni nako hivyo hivyo. Mlango wa nje haukuwa na ngazi, ulikuwa na mteremko mpole. Nyumba nzima mikeka ilikuwa imepauka na kuchakaa. Lakini chumba cha chini, kile kinachotazama kusini, kilikuwa na mikeka mipya kabisa, ya kijani, inanukia kama shamba lililokatwa asubuhi.

Chizuru alisimama mlangoni pa chumba kile, nywele za shingoni zikamsimama. Yeye ni mtoto wa fundi. Alikulia juu ya mabaki ya nyuzi na majani. Nani anabadilisha mikeka chumba kimoja, katika nyumba anayoiuza?

"Humu kulitokea nini?" akauliza.

"Hakujatokea kitu, mama."

"Mtu alifia humu?"

"Mume wa mwenye nyumba aliugua miaka sita humu. Alifia hospitali. Karatasi zipo."

"Na huu waya?" Kwa maana kulikuwa na waya mwembamba ulioanza karibu na sakafu, palipokuwa na kitanda, ukapanda ukutani, ukatoboa fremu ya dirisha na kutoka nje, ukaelekea nyumba ya pili.

Sakuma alijifuta jasho. "Huo... ni kengele tu ya zamani. Ninaweza kuuliza."

Hakuuliza, wala hakueleza. Alipotoka kwenda kumwonyesha Yasuki bustani, Chizuru alitoa kwenye mkoba sindano ndefu ya baba yake ya kushonea mikeka, akaiingiza kwenye mshono, akainua kona ya mkeka. Baba alimfundisha tangu mdogo: usisifu mkeka kabla hujaona chini yake. Chini palikuwa na gazeti la mwezi uliopita limetandazwa vizuri, na mbao kavu, safi, hazina doa. Hilo likamtisha zaidi kuliko kama angekuta doa. Akapiga picha ya ukingo kwa simu, akaurudisha mkeka.

"Nyumba ni nzuri, Chizu," Yasuki alimwambia kwenye treni. "Chumba cha baba kiko tayari kabisa. Tunangoja nini?"

"Ndiyo maana naogopa. Nani katuandalia?"

"Labda bahati."

"Bahati haitoboi ukuta kupitisha waya, bwana wee."

Usiku wote aliwaza, na kufikia asubuhi alikuwa na mpango. Kuwauliza majirani ndiyo dawa, lakini huendi kugonga mlango wa mtu usiyemjua na kuuliza siri za jirani yake. Utainamiwa, utafungiwa. Kuna siku moja tu ambayo mgeni anaruhusiwa kugonga: siku ya kuhamia, anapopita na taulo zilizofungwa kwa karatasi, nyumba tatu za mbele na mbili za ubavuni, kujitambulisha. Basi atakwenda na taulo. Atasema wameshanunua. Akienda kama mnunuzi watamsifia nyumba, maana bei ya jirani ndiyo bei yao. Akienda kama aliyeshanasa, watamhurumia, na huruma haifichiki usoni.

Alijiona mjanja sana. Jumatano akaomba ruhusa kazini, akanunua taulo tano.

Nyumba ya kwanza alifungua mama mmoja mnene mwenye aproni, Bi Kuwabara.

"Hodi, samahani kwa usumbufu. Sisi ndio tumenunua ile nyumba ya mbele. Tunaomba ujirani mwema."

Mama yule alitazama taulo, akamtazama Chizuru, akatazama nyumba, kisha akatabasamu polepole. "Ooh! Mmenunua? Hongereni jamani. Mko wengi?"

"Mimi na mume wangu."

"Hakuna mzee?"

Chizuru akatikisa kichwa. "Hakuna."

"Haya," mama akasema, na uso ukapoa kama chai iliyosahauliwa. "Haya, asante kwa taulo."

Nyumba ya pili, mzee mwenye kofia ya sufu: "Wazazi mnakuja nao?" Hapana. Nyumba ya tatu, mwanamke kijana amebeba mtoto mgongoni: "Hamna bibi wala babu?" Hamna. Nyumba ya nne ikauliza hata kabla ya kupokea taulo. Wote kwa adabu, wote na lile tabasamu la pole, na wote, alipoagana nao, walisimama mlangoni wakimwangalia hadi alipofika kwa anayefuata. Mama yangu! Hawa watu wanataka wazee wa nini? Mzee aliyeugua miaka sita, waya ukutani, mikeka mipya, na mtaa mzima unauliza swali moja. Chizuru si mtu wa mizimu, lakini miguu ilianza kuwa mizito.

Nyumba ya tano ni ile ulikoelekea waya. Alifungua bibi mdogo wa umbo, mgongo umepinda, macho makali.

"Shikamoo bibi. Sisi ndio tumenunua nyumba hii ya jirani."

"Mmenunua," bibi akasema. "Hii hapa?"

"Ndiyo, hii."

"Lini, mwanangu?"

"Juzi juzi tu."

Bibi aliipokea taulo kwa mikono miwili, akaigeuza upande wa pili kama anatafuta bei. Midomo ilimchezacheza, Chizuru hakujua kwa nini. Kisha akawa makini.

"Una mzazi?"

"Hapana, bibi."

"Hata mmoja? Wala wa mume?"

"Hata mmoja."

Bibi alimtazama kwa muda mrefu hadi ikawa kinyume cha adabu. Halafu akaingia ndani, akarudi na machungwa matatu, akampa. "Pole, mwanangu," akasema. "Kubaki bila mzazi si kazi ndogo."

Chizuru alikula machungwa yale kwenye treni bila kuhisi utamu wowote. Alimwambia Yasuki nyumba hawaitaki. Yasuki, ambaye hukasirika mara moja kwa miaka miwili, alikasirika. "Machi inaisha lini, Chizu? Unangoja nyumba ikuapie?" Walilala wamepeana migongo, siku tatu.

Jumamosi alikwenda kituo cha mazoezi kumwona baba. Mzee Tokuji alikuwa amekaa dirishani, mkono mzima ukipapasa mkono mbovu. Chizuru hakukusudia kumwambia lolote, lakini baba alimwuliza, "Mnaona nyumba?" na yeye, kwa uchungu tu, akamtolea simu na kumwonyesha picha ya ukingo wa mkeka.

"Angalia, baba. Nyumba nzima kuukuu, chumba kimoja kipya. Wanaficha nini?"

Mzee aliisogeza simu karibu na pua. Akaitazama sana. Akaanza kutabasamu, upande mmoja wa mdomo, ule uliobaki na nguvu.

"Mwanangu, huu umeshonwa kwa mkono."

"Unajuaje?"

"Mimi nisijue vipi? Nimeshona miaka sitini! Ona mishono hii. Mashine inapiga sawasawa kama askari. Huu una pumzi ya mtu. Na majani haya ni ya kusini, ya bei. Sasa niambie, mtu anayeficha doa ananunua mkeka wa namna hii?"

Chizuru aliitazama tena ile picha.

"Anayeficha ananunua wa mashine, wa plastiki, anapiga gundi, anakimbia," mzee akaendelea. "Huu mtu ameutandika kwa ajili ya mgeni anayemheshimu. Chumba kinatazama wapi?"

"Kusini."

"Na dirisha liko chini? Nikilala naona nje?"

"Unaona, baba. Kuna mti wa matunda ya kaki bustanini."

"Loo!" mzee akasema, na macho yakamjaa. "Miezi minane kitanda cha chuma. Nitalala tena chini, juu ya kazi ya mtu. Nichukulie, Chizuru. Kama kuna shetani humo nitaongea naye mimi."

Wakacheka wote wawili. Kicheko kile kilimtoa Chizuru mzigo wa siku zote. Mjinga mimi, alijiambia akishuka ngazi, mjinga kabisa, nimekaribia kuitupa.

Jumatatu saa tatu kamili alimpigia Bwana Sakuma. Tunainunua, akasema, hata leo tunakuja na mhuri wa kutilia sahihi.

"Samahani sana, mama. Mwenyewe jana amempa mtu mwingine."

"Mtu mwingine! Sisi tuliiona kwanza! Kaongeza bei?"

"Hapana. Bei ni ileile."

"Basi kwa nini?"

"Samahani sana, mama," alirudia Sakuma, na kwa sauti yake unaweza kujua alikuwa anainama peke yake ofisini.

Chizuru hakurudi kazini. Alipanda treni vilevile na aproni ya shule, hasira inamchemka. Waliwanyima! Kuna mchezo, na leo atauona. Alipokata kona ya mtaa alimkuta yule bibi wa nyumba ya tano amesimama ndani ya ua wa nyumba inayouzwa, anafagia majani yaliyoanguka mbele ya mlango.

"Bibi! Wewe unafanya nini humu?"

"Nafagia kwangu," bibi akasema.

"Kwako?"

"Mimi ndiye Otowa, mwenye nyumba. Nimehamia hapo kwa mwanangu." Akaegemea fagio. "Ukanijia na taulo ukaniambia umenunua nyumba yangu. Nilikaribia kucheka mbele yako. Na wenzangu hao wote walijua haijauzwa. Tulikunywa chai jioni ile kwa ajili yako."

Uso wa Chizuru ukawaka moto hadi masikioni. "Bibi, naomba radhi. Nilitaka kujua tu kama..."

"La taulo limekwisha, mwanangu, hata mimi ningefanya hivyo. Nyumba ni kitu cha kuchunguza." Bibi Otowa alionyesha waya kwa ncha ya fagio. "Mume wangu aliugua humu miaka sita. Akinihitaji nikiwa nje, au akianguka, anabonyeza, inalia kwa mwanangu. Kuwabara akisikia anakuja, yule wa kofia anakuja. Mtaa mzima walimbeba. Alipokufa wakaniambia, Otowa, mbao zote hizi za kushikia, mteremko, bafu, mikono yetu iliyozoea, iende bure? Tukakubaliana nishushe bei, aipate mtu mwenye mzee wa kutunza. Mikeka nikashonesha."

"Kwa nini hamkusema?" Chizuru alipiga kelele, kweli kelele, mtaani mchana kweupe. "Si mngeandika kwenye karatasi!"

"Tungeandika, kila mtu angekuja na bibi wa kuazima. Ndiyo maana tuliuliza tu. Nilikuuliza mara mbili."

"Ninaye! Bibi, ninaye baba! Ana miaka themanini na mitatu, fundi wa mikeka, mguu wake wa kushoto..."

"Leo unaye," bibi akasema, bila ukali. "Juzi hukuwa naye."

"Niliogopa! Kila mahali nikimtaja wanatufukuza!"

Bibi Otowa alifumba macho kidogo, na ilionekana ameamini, na kuamini kwenyewe kumemuumiza. "Jana alikuja mtu amembeba mama yake mgongoni, kutoka kituo cha treni mpaka hapa, ili aone dirisha. Nimempa neno langu, na mama wa watu amelia. Sasa nifanye nini, mwanangu? Nimrudie nimwambie nini?"

Chizuru aliinama, akakaa ameinama hadi mgongo ukauma, akageuka. Bi Kuwabara alikuwa mlangoni pake, mkononi ana taulo, ile ile, anafutia vyombo.

Alasiri alifika kituoni kwa baba. Mzee Tokuji alikuwa amevaa koti. Karibu na kiti chake kulikuwa na mfuko umefungwa vizuri, na juu yake sindano zake za kushonea zimeviringishwa kwenye kitambaa. Muuguzi alisema amekuwa akifunga mizigo tangu Jumamosi, kwa mkono mmoja, na hakutaka kusaidiwa.

"Umewahi leo," mzee akasema, uso wote unang'aa. "Vipi? Lini?"

Chizuru alikaa kitandani. Alimweleza, kwa kuwa alikuwa amechoka kusema uongo: bibi Otowa, waya, mtaa uliojipanga kumpokea mzee. Alieleza yote isipokuwa mwisho wake. Mzee alisikiliza akitikisa kichwa kwa furaha, hajaelewa bado mambo yanakoelekea.

"Watu wema hao," akasema. "Kwa hiyo waliuliza habari zangu?"

"Waliuliza, baba. Nyumba zote tano."

"Na ukawaambiaje?"

Chizuru alitazama sindano kwenye kile kitambaa. Alitamani Yasuki angekuwepo, alitamani muuguzi aingie. Hakuingia mtu.

"Niliwaambia sina," akasema. "Niliwaambia sina mzazi hata mmoja."

Mzee Tokuji aliupapasa mkono mbovu kwa mkono mzima. Dirishani mwanga ulikuwa unapungua. Mwishowe akauvuta mfuko kwa mguu unaofanya kazi, akamsogezea bintiye.

"Basi nitolee zile soksi nzito, mwanangu," akasema. "Akita ni baridi."